SOMO LA AFYA: Kigozi cha Kando ya Ukucha

Natumaini mmekwisha kukaa katika vikundi vyenu, taa inawaka, na mwalimu wa darasa yuko karibu na ubao. Mwenye daftari na aliweke pembeni kwanza. Tutalihitaji mwisho wa somo. Sasa hivi tunahitaji vidole vyetu tu.

Nyosheni mikono yenu karibu na taa. Tazameni kucha zenu moja moja. Anzeni na kidole gumba, mmalizie na kidole cha mwisho. Msitazame ukucha wenyewe. Tazameni pembeni yake, pale ukucha unapokutana na ngozi.

Je, umeona mahali ambapo ngozi imechanika kidogo, ikasimama kama mwiba? Ukipitisha kidole hicho juu ya nguo, kinanasa. Ukikigusa, kinauma kuliko ukubwa wake. Ukiingia chumvi au ndimu, unaruka.

Kitu hicho ndicho somo letu la leo. Katika mazungumzo haya mimi nitakiita kigozi, yaani kipande kidogo cha ngozi kilichochanika kando ya ukucha. Kama kwenu mna jina lake jingine, mwambieni mwalimu aliandike ubaoni, nanyi mlisome.

Najua wengine mnacheka. Mnasema, "Bwana huyu ametuita hapa usiku, tumeacha kazi zetu, kumbe anataka kutufundisha habari ya kigozi! Kwani hakuna malaria? Hakuna kipindupindu?" Ndugu zangu, maradhi makubwa yapo, na masomo yake yapo. Lakini leo sina budi kueleza habari ya kigozi, na kwanza nitawaambieni kwa nini.

Habari ya mama mmoja

Miaka michache iliyopita nilikuwa nikifundisha darasa la watu wazima katika kijiji kimoja cha pwani. Darasani mwangu alikuwamo mama mmoja wa makamo. Kazi yake ilikuwa kusuka ukili na kushona mikeka. Aliniruhusu nisimulie habari yake kwa sharti nisimtaje jina. Basi nitamwita Mama tu.

Mama alikuwa mwepesi wa kusoma kuliko wenzake. Katika miezi mitatu alikwisha kujua herufi zote, na jina lake aliliandika bila kutazama ubaoni. Nia yake ilikuwa moja. Alitaka kumwandikia mwanawe aliyekuwa mbali barua kwa mkono wake mwenyewe, bila kumwomba mtu amwandikie. Alisema, "Mwalimu, yapo maneno ambayo mzazi hawezi kumpa mtu mwingine amwandikie."

Siku moja nilimwona darasani ametia kidole gumba cha mkono wa kulia mdomoni. Alikuwa anakivuta kigozi kwa meno. Nilimwambia, "Mama, tazama ubaoni." Akacheka, akaniomba radhi, akatazama ubaoni. Mimi nikaendelea na somo langu.

Juma lililofuata hakuja. Juma la pili hakuja. Juma la tatu nilikwenda kwake kumjulia hali. Nikamkuta ameketi barazani, mkono umefungwa kitambaa. Kidole gumba kilikuwa kimevimba, ngozi imevutika mpaka inang'aa. Siku tatu alikuwa hajalala usingizi kwa maumivu. Nikamwuliza, "Mama, umeumwa na nini?" Akajibu, "Mwalimu, ni kigozi tu."

Alikuwa amekwisha kupata mdudu wa kidole. Jirani mmoja, kwa nia njema, alimchoma kwa ncha ya kisu ili usaha utoke. Jirani mwingine, naye kwa nia njema, alimpaka majivu yaliyochanganywa na kinyesi cha mbuzi. Tulimpeleka hospitali siku ile ile. Madaktari walijitahidi, lakini usaha ulikuwa umekwisha kufika kwenye mfupa. Ilibidi wakate pingili ya mwisho ya kidole gumba.

Ndugu wasikilizaji, kidole gumba ndicho kinachoshika kalamu. Ndicho kinachoshika ukili, na mwiko, na jembe. Mimi nilimfundisha mama yule kusoma neno "kidole", nikamfundisha kuliandika neno "kidole", lakini siku nilipomwona anakidhuru kidole chenyewe sikusema neno ila "tazama ubaoni". Sikusema kwa sababu na mimi sikujua. Cheti nilikuwa nacho, lakini hilo sikulijua. Basi leo nasema.

Ukucha ni kitu gani?

Ukucha umefanywa kwa kitu kile kile kilichofanya nywele zetu, na pembe za ng'ombe, na kwato za mbuzi. Ndiyo maana ukikata ncha ya ukucha husikii maumivu. Sehemu ile tunayoiona imekwisha kufa. Sehemu iliyo hai imejificha chini ya ngozi, nyuma ya ukucha. Huko ndiko ukucha unakoota, na kutoka huko husukumwa mbele polepole.

Ukucha wa mkono hukua kiasi cha milimita 3 kwa mwezi mmoja. Mwenye rula na atazame milimita 3 ni kiasi gani: ni kidogo kuliko upana wa punje ya mahindi. Kwa hiyo ukucha wa mkono uking'oka wote, hesabu kiasi cha miezi 6 mpaka uote upya. Ukucha wa kidole gumba cha mguu ni mvivu zaidi. Huchukua mwaka mzima, na pengine mwaka 1 na nusu.

Sasa tazameni tena vidole vyenu. Mahali ukucha unapoingia ndani ya ngozi, pana ngozi nyembamba iliyoushika ukucha barabara. Ngozi hiyo ina kazi kubwa. Imeziba mwanya ulio kati ya ukucha na nyama, ili maji, uchafu na vijidudu visipite.

Mafundi cherehani mtanielewa upesi. Ngozi ile ni kama upindo wa nguo. Nguo isiyo na upindo hufumuka. Na kigozi ni kama uzi uliochomoka katika upindo huo. Mtu mwenye busara akiona uzi umechomoka katika upindo wa kanga, hufanya nini? Huchukua mkasi akaukata pale ulipotokea. Mtu asiye na subira huuvuta. Akiuvuta, uzi haukatiki. Upindo wote hufumuka mpaka mbali.

Ndivyo ilivyo kwa kigozi. Ncha yake imekufa na kukauka, lakini shina lake limeungana na ngozi iliyo hai. Ukikivuta, hakikatiki kwenye ncha. Kinachana kurudi nyuma, mpaka penye nyama na damu. Hapo umefungua mlango kwa mkono wako mwenyewe. Na ukikivuta kwa meno umezidisha, kwa maana mdomo una vijidudu vingi, nawe umevipeleka mpaka mlangoni.

Vigozi huletwa na nini?

Sababu kubwa ni ukavu wa ngozi. Ngozi ina mafuta yake yanayoilainisha. Mafuta hayo yakiondoka, ngozi hukauka, ikawa ngumu, ikapasuka. Kando ya ukucha ngozi ni nyembamba, basi hapo hupasuka upesi.

Huenda mtashangaa nikisema kwamba maji hukausha ngozi. Lakini ni kweli. Mtu anayetia mikono majini mara nyingi kwa siku, hasa maji yenye sabuni, huyaondoa mafuta ya ngozi kila mara. Ndiyo maana anayefua nguo za watu, na anayeosha vyombo hotelini, na mama mwenye mtoto mchanga, hupata vigozi kuliko wengine.

Sababu ya pili ni kazi za mikono. Wapo kina mama wa Paje na Jambiani, huko Unguja, walimao mwani na kushinda katika maji ya chumvi wakifunga na kufungua kamba. Wapo wanaotwanga makumbi ya nazi na kusokota kamba. Wapo wakata mkonge wa Tanga na Morogoro. Wapo wabangua korosho wa Mtwara na Lindi, nao wanajua kwamba mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi. Wapo waashi, ambao saruji na chokaa huwala vidole. Hao wote ngozi zao hutaabika.

Sababu ya tatu ni majira. Wakati wa baridi na upepo mkavu, ngozi hukauka zaidi. Ndugu zetu wa Njombe na Makete wanalijua hili vizuri inapofika Juni na Julai.

Sababu ya nne ni mazoea ya kutafuna kucha na kuchokoa ngozi kando yake. Wengine hufanya hivyo wakiwa na mawazo, wengine wakiwa na haya, wengine wakisubiri zamu yao ya kusoma darasani. Huyo aliye karibu yako mtazame taratibu, huenda anafanya hivyo sasa hivi.

Sababu ya tano ni kuukata upindo wenyewe kwa ajili ya urembo. Wapo wanaotengeneza kucha za wateja, wakaikata ile ngozi nyembamba yote ili ukucha uonekane mrefu. Dada zangu, ukucha utaonekana mrefu, lakini mmeondoa mlango wa nyumba. Mwambieni fundi aiache ngozi ile. Kama lazima, aisukume nyuma kidogo, polepole, baada ya kulainika kwa maji ya vuguvugu. Asiikate.

Njia ya kukiondoa kigozi

Sasa sikilizeni kwa makini. Mwalimu na aandike ubaoni mambo matano.

La kwanza, nawa mikono kwa sabuni na maji safi.

La pili, tia kidole katika maji ya vuguvugu kwa dakika 5 mpaka 10. Maji yasiunguze. Yapime kwanza kwa kiwiko cha mkono, kama mama anavyopima maji ya kumwogesha mtoto. Maji hayo yatalainisha kigozi, nacho kitakatika bila kuchana.

La tatu, safisha mkasi mdogo au kikata kucha. Uchemshe katika maji kwa dakika 10, au uupanguse vizuri kwa spiriti. Ni vizuri kila mtu awe na kikata kucha chake. Mkishiriki kifaa chenye damu, mnaweza kuambukizana homa ya ini, na hata virusi vya UKIMWI. Kwa sababu hiyo hiyo, usitumie wembe uliotumiwa na mtu mwingine.

La nne, kata kigozi karibu na shina lake. Usikivute huku unakata. Kata ile sehemu iliyosimama tu. Usiingie katika ngozi iliyo hai. Ukiona damu, jua umekata kupita kiasi.

La tano, kausha kidole, kisha paka mafuta. Mafuta ya nazi yanafaa. Mafuta ya mgando yanafaa pia, tena hukaa muda mrefu. Kama unakwenda shambani au kwenye kazi ya uchafu, funga plasta au kitambaa safi. Kikilowa, kibadilishe.

Nanyi mtauliza, "Kama niko shambani na sina mkasi, nifanye nini?" Jibu ni fupi. Kifunge, ukiache. Kigozi kinaweza kusubiri mpaka jioni. Kinachoshindwa kusubiri ni meno yetu.

Ndugu zangu, sitaki mtu atoke hapa na hofu. Vigozi vingi hupona vyenyewe kwa siku chache, wala havimletei mtu hatari. Lakini yule mmoja anayeharibika huanza sawasawa na wengine. Kwa hiyo tunavitunza vyote kwa njia moja.

Mdudu wa kidole

Sasa tuseme mlango umekwisha kufunguka na vijidudu vimeingia. Utajuaje?

Kidole huuma zaidi badala ya kupungua. Ngozi ya kando ya ukucha huvimba. Ukiigusa kwa mgongo wa mkono wa pili, utaona ina joto kuliko vidole vingine. Vitabu vingi husema kwamba ngozi itakuwa nyekundu. Lakini sisi wenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani upesi. Sisi tutazame kama mahali pale pamekuwa peusi zaidi, au pananga'aa, au pamevutika. Kisha maumivu huanza kudunda kama ngoma, hasa usiku. Mwisho huonekana usaha. Hayo ndiyo maradhi tunayoyaita mdudu wa kidole.

Jina hilo limewapoteza wengi. Watu hudhani yumo mdudu kama funza, na kwamba ni lazima achimbwe atolewe. Hayumo funza. Wamo vijidudu vidogo mno, ambavyo jicho haliwezi kuviona, na kisu hakiwezi kuviokota. Ukichimba unavisukuma ndani zaidi.

Mwanzoni, kabla ya usaha, dawa ya nyumbani ni maji ya vuguvugu. Tia kidole humo kwa dakika 15, mara 3 au 4 kwa siku. Kila mara ukikaushe vizuri. Kipumzishe na kazi.

Kama siku 2 zimepita na hakuna nafuu, au kama usaha umeonekana, nenda zahanati. Mganga ana kifaa safi cha kuutoa usaha, na anajua pa kupasua na pa kutopasua. Atakuambia pia kama unahitaji vidonge au huhitaji. Usinunue vidonge vya rangi mbili dukani kwa kukisia, wala usimeze vilivyobaki kwa jirani. Vidonge visivyolingana na maradhi haviponyi, na huvizoeza vijidudu kuishinda dawa.

Zipo hali ambazo hazingoji hata siku hizo 2. Nitazitaja polepole.

Ukipata homa, nenda siku hiyo hiyo.

Ukiona mstari mwekundu au mweusi unapanda kutoka kidoleni kwenda mkononi, nenda siku hiyo hiyo.

Ukiota mtoki kwapani upande wa mkono huo, nenda siku hiyo hiyo.

Kama nyama ya ncha ya kidole, upande wa alama za vidole, imekuwa ngumu na inadunda, au kidole hakikunjiki, nenda siku hiyo hiyo. Hapo mfupa na mishipa vimo hatarini.

Na mtu mwenye ugonjwa wa kisukari, au ambaye mwili wake umepungukiwa nguvu za kupambana na maradhi, asingoje kamwe. Mtu wa kisukari huenda asisikie maumivu sana, naye kidonda chake hukawia kupona. Vivyo hivyo mtu ambaye vidole vyake vimekufa ganzi. Huyo huenda akajikata asijue. Aendeshe macho yake badala ya maumivu: atazame vidole vyake kila jioni.

Kuna jambo jingine la kuangalia. Pengine kidoleni hutokea malengelenge madogo madogo yenye maji, yanauma sana. Hutokea hasa kwa watoto wanaonyonya vidole huku wana vidonda mdomoni. Hayo msiyapasue, wala msimwombe mtu ayapasue. Ni maradhi ya namna nyingine. Mwonyesheni mganga.

Na wale ambao mikono yao haikauki mchana kutwa, kama wapishi na waosha vyombo, hupata uvimbe usiouma sana lakini unakaa majuma 6 au zaidi. Upindo huondoka kabisa, na ukucha huanza kuwa na mabonde. Dawa yake ya kwanza ni kuikausha mikono na kuvaa glovu. Wasipofanya hivyo, dawa ya mganga nayo itapotea bure.

Mambo ya kuacha

Acheni kuvuta kigozi kwa meno. Acheni kuchoma kidole kwa mwiba, kisu au sindano. Acheni kupaka kinyesi cha mnyama, udongo au majivu. Katika udongo na kinyesi huishi vijidudu vya pepopunda, na pepopunda huua. Mtu akijikata na jeraha likaingia udongo, amwulize mganga kama chanjo yake ya pepopunda bado ina nguvu.

Wale majirani wa Mama hawakuwa watu wabaya. Waliamka usiku wakaja kumsaidia. Nia yao ilikuwa safi, lakini kisu chao hakikuwa safi. Msiwacheke. Wafundisheni.

Kidole kilichookoa wazazi wa Vienna

Kabla sijamaliza, nitawapeni habari moja ya kale. Mwaka 1847, katika mji wa Vienna, nchi ya Austria, alikuwapo profesa mmoja wa udaktari, jina lake Jakob Kolletschka. Siku moja alikuwa anachunguza maiti pamoja na wanafunzi wake. Kisu cha mwanafunzi kikamchoma kidoleni. Kidonda kilikuwa kidogo tu. Lakini vijidudu viliingia katika damu yake, na baada ya siku chache yule profesa akafa.

Alikuwa na rafiki, daktari aliyeitwa Ignaz Semmelweis, aliyefanya kazi katika wodi ya wazazi. Katika wodi hiyo wazazi wengi walikuwa wanakufa kwa homa ya uzazi, na hakuna aliyejua sababu. Semmelweis alipoisoma habari ya kifo cha rafiki yake, aliona kwamba maradhi yake yalifanana na yale ya wazazi. Akawaza, "Madaktari hutoka kuchunguza maiti, wakaja moja kwa moja kuwazalisha wanawake. Sumu hiyo wanaileta wenyewe kwa vidole vyao." Siku zile watu walikuwa bado hawajajua habari za vijidudu.

Basi mwezi wa Mei mwaka ule akaamuru kila daktari anawe mikono kwa maji ya chokaa yenye klorini kabla ya kumgusa mzazi. Tazameni hesabu. Mwezi wa Aprili, kabla ya amri hiyo, katika kila wazazi 100 walikufa 18. Mwezi wa Julai, baada ya amri, katika kila wazazi 100 alikufa 1 tu. Kumi na nane toa moja ni ngapi? Watu 17. Katika kila wazazi mia, 17 walirudi nyumbani kwa sababu watu walinawa mikono.

Lakini wakubwa wengi wa udaktari wa wakati ule hawakumsadiki. Waliona ni aibu kuambiwa kwamba vidole vyao ni vichafu. Miaka mingi ilipita kabla ulimwengu haujakubali. Kwa hiyo, ndugu zangu, msione haya mkigundua kwamba mlikuwa mnakosea. Hata maprofesa walikosea. Aibu ni kuendelea baada ya kujua.

Mwisho wa habari ya Mama

Mtataka kujua Mama aliendeleaje. Jeraha lilipopona alirudi darasani. Kalamu haikushikika tena katika mkono wa kulia. Basi akaanza upya kwa mkono wa kushoto, kutoka herufi ya kwanza. Wenzake walikuwa wamekwisha kufika kwenye kusoma gazeti, yeye anachora "a" na "e" kama siku ya kwanza. Ilimchukua karibu mwaka mzima. Barua ya mwanawe aliiandika, na mimi niliipeleka posta, lakini sikuisoma. Mikeka ameacha kushona.

Katika kijiji kile, siku hizi kila mwanzo wa darasa tunatazama vidole kwa dakika moja kabla ya kufungua daftari. Mama ndiye anayewatazama wenzake. Na ndani ya sanduku la chaki mna mkasi mdogo na chupa ndogo ya mafuta ya nazi. Nawaombeni nanyi mfanye hivyo.

Kazi ya darasa

Sasa chukueni madaftari. Andikeni maneno haya sita, kila moja mara tatu: ukucha, kigozi, upindo, vuguvugu, usaha, zahanati.

Kisha mjadiliane maswali haya, na kila mtu apewe nafasi ya kusema.

1. Kwa nini kigozi kikivutwa huchana kurudi nyuma?
2. Katika kazi mnazofanya hapa kijijini, ni kazi gani inayokausha ngozi zaidi? Mnaweza kufanya nini?
3. Tajeni dalili tatu za mtu anayepaswa kwenda zahanati siku hiyo hiyo.
4. Zahanati iliyo karibu nanyi iko wapi, na usiku mtu anafikaje?

Swali la nne msiliruke. Lijibuni leo, wakati hakuna mgonjwa.

Na usiku huu, kabla hamjalala, kila mmoja apake mafuta kidogo kando ya kucha zake, awapake na watoto. Tone moja linatosha vidole kumi.

Ndugu wasikilizaji, saa yetu imekwisha. Laleni salama, na Mungu akipenda tutaonana tena katika somo lijalo.